Mwizi Aliyebisha Hodi

Mtu wangu wa kwanza alikufa kwa sababu ya adabu njema. Nasema mtu, lakini alikuwa wa karatasi: askari mwenye upanga na ngao, niliyepewa akiwa ametengenezwa tayari kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni. Tulikuwa wachezaji watatu na mwenye mchezo wa nne, tumezunguka kreti lililopinduliwa nyuma ya duka moja la vipuri vya matrekta mjini Nakuru, Jumamosi alasiri, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Mwenye mchezo alitueleza kwamba tumefika mbele ya mlango wa mbao na kwamba ndani tunasikia sauti za watu wanaokula. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Akaniuliza ninafanya nini.

"Nabisha hodi," nikasema.

Akaniangalia. "Unabisha?"

"Sasa nitaingia nyumba ya watu wakikula bila hodi? Mimi nimelelewa."

Waliokuwa wakila hawakuwa watu. Walikuwa viumbe vifupi vyenye meno, navyo vilinikaribisha kwa mikuki. Dadu zikarushwa, zikarushwa tena, na askari wangu akawa maiti kabla chai yangu haijapoa. Fundi mmoja wa Olkaria aliyekaa mkabala nami alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Tangu siku hiyo akaniita Bibi Hodi. Nilikasirika, na hasira yangu si ya kupoa upesi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kwamba mtu wangu wa pili hatasikika na yeyote mpaka mimi nitake asikike.

Wakati huo nilikuwa opereta wa simu. Wajukuu wangu wanadhani simu ilizaliwa ikiwa mfukoni, kwa hiyo lazima nieleze. Uliinua mkono wa simu nyumbani au dukani kwako, na kabla hujasema neno sauti yangu ilikuuliza, "Namba ngapi tafadhali?" Ukinitajia, nachukua waya, nauchomeka kwenye tundu lake, nakwambia, "Zungumza sasa," kisha naondoka katikati. Niliwaunganisha watu wa Njoro na watu wa Rongai, wakulima wa ngano na benki zao, wachumba na wachumba wao. Mji mzima ulinijua na hakuna aliyenijua. Niliweza kusimama kwenye foleni ya bucha nyuma ya mzee ambaye asubuhi ile nilimuunganishia simu ya msiba, naye asigeuke. Kazi hiyo niliipenda na niliifanya vizuri kuliko wenzangu wote, na anayebisha aje tubishane.

Duka lile niliingia kumtafutia kaka yangu mkanda wa feni ya trekta. Kwenye kaunta alikuwa kijana wa Kisikh, mwana wa mwenye duka, mzaliwa wa mji huu huu, aliyekwenda kusoma Uingereza akarudi kumsaidia baba yake. Sijamaliza kusema ninachotaka, akaweka penseli chini.

"Wewe ni Namba Ngapi Tafadhali," akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kunitambua kwa sauti tu, nikiwa nimesimama na kikapu changu. Nikafurahi kuliko ilivyostahili. Ndipo akaniambia kwamba amerudi na boksi la mchezo wa ajabu, kwamba wanacheza yeye na wenzake wawili, na kwamba wawili hawatoshi.

Mchezo wenyewe haukuwa na ubao wala kete za kusukuma. Yeye alikuwa anasimulia: mko penye pango, kuna harufu ya moshi, kushoto kuna ngazi. Wewe unasema mtu wako anafanya nini. Pakiwa na shaka kama utafaulu, dadu inaamua. Dadu zenyewe hujapata kuziona, nyingine ina pembe kama jiwe la kokoto lililochongwa, nyingine karibu iwe mviringo. Tulimwita Mwenye Nyumba, kwa kuwa nyumba zote na mapango yote tuliyoyaingia yalikuwa yake, na wote waliokaa ndani walisema kwa mdomo wake. Siku ya kwanza nilidhani ni mchezo wa watoto. Ya pili sikudhani hivyo tena.

Fundi wa Olkaria alikuwa mmoja wa wale waliochimba visima vya mvuke kule chini. Alirudi Nakuru mwisho wa juma na makelele ya mashine yakiwa bado masikioni, kwa hiyo alizungumza nasi utadhani tuko ng'ambo ya bonde. Shujaa wake alikuwa kama yeye, mabega na kelele. Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa kilimo kutoka Njoro, mtoto wa mzee wa kanisa. Mtu wake alikuwa padri wa kuponya majeraha, na yeye mwenyewe alifumba macho akaomba kweli kweli kabla ya kurusha dadu. Walikuwa watu wazuri. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa hiyo hodi.

Jumamosi iliyofuata nikarusha dadu za mtu wangu mpya. Nguvu ikatoka kidogo. Uhai ukatoka kidogo zaidi. Wepesi na akili zikatoka juu kabisa. Fundi aliinama akatazama, akanihurumia kwa sauti kubwa.

"Huyo ni wa kufagia tu, Bibi Hodi."

Mwenye Nyumba akanieleza kwa upole kwamba mwenye wepesi anaweza kuwa mwizi, na mwenye akili anaweza kuwa mchawi. Nikamuuliza kama mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili. Akafungua kitabu chake, akakuna ndevu. Anaweza, akasema, lakini atakua polepole, maana kila anachojifunza kinagawanywa mara mbili. Hatavaa chuma, kwa kuwa uchawi haupiti kwenye chuma. Na ataanza na uchawi mmoja tu.

Mwanafunzi akaweka kikombe chini. "Mwizi na mchawi kwa mwili moja. Dada, huko kwetu huyo mtu hafiki sokoni."

"Hata hapa Nakuru," fundi akasema. "Huyo atachomwa mara mbili."

Nilicheka nao, lakini sikubadili nia. Nikaanza kumvisha mtu wangu. Mwanamke, nikasema, wa makamo, si mrembo. Ngozi laini kiunoni badala ya chuma. Kamba ya katani. Kichupa cha mafuta ya mbarika, ya kupaka bawaba za milango isilie. Miguuni nikamvika akala, ndala za mpira wa gurudumu, na hapo fundi akaruka. Akala kwenye mwamba zinalia, akasema, kule kazini wanasikia mtu anakuja kabla hajapinda kona. Alitaka kunichokoza tu, lakini alisema kweli. Nikamvua akala mtu wangu, akabaki miguu mitupu.

"Na debe," nikasema.

"Debe ya nini?" Mwenye Nyumba akauliza.

"La maji. Amelibeba kichwani."

Wote watatu wakanitazama. Mwizi wa kitabu kile, kwenye picha, alikuwa kijana mwembamba mwenye joho jeusi, amejibana kivulini. Nikawauliza: mkimwona mtu wa joho jeusi amejibana ukutani pale stendi, hamtamtazama? Mtamtazama mpaka shingo ziume. Lakini mwanamke mwenye debe la maji kichwani anapita kila ua wa bonde hili. Anapita mbele ya mbwa, mbele ya askari wa geti, mbele ya mwenye shamba mwenyewe, na jioni ukiwauliza nani amepita watakwambia hakuna. Watasema tu maji yameletwa.

 Fundi akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Huyo ni mama yangu. Alichotea mzungu moja maji kule Njoro miaka mingi. Huyo mzungu hakuwahi kumuuliza jina."

 Mwenye Nyumba akaandika debe kwenye karatasi yangu.

Ulibaki uchawi. Wote walinishauri nichukue ule wa usingizi, unaolaza chini chumba kizima cha maadui. Mwenye Nyumba alisema kila mwenye akili anachukua huo. Mimi nikachukua ule wa sauti, wa kuifanya sauti yako itoke mahali ambapo hupo.

"Hiyo ni ya kuchekesha watoto," fundi akasema.

"Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa," nikamjibu.

Mtu wangu akaishi. Juma baada ya juma, mashujaa wa fundi walikufa wakipiga kelele, akatengeneza wengine wenye mabega makubwa zaidi, nao wakafa vilevile. Mwanamke wangu alipita jikoni kwa majambazi akiwa na debe lake, akahesabu visu vyao, akatoka. Alizungumza ndani ya kisima kikavu, na walinzi wakainamia kisima kutwa nzima wakitafuta aliyetumbukia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, nilimwambia fundi kila nilipopata nafasi, na nafasi sikuzikosa. Yeye aliendelea kuniita Bibi Hodi.

Halafu ikaja habari ambayo wengi wa mjini waliitazamia. Familia ya mwenye duka ilikuwa inahamia Kanada. Duka limepata mnunuzi. Mwenye Nyumba alituambia akiwa anapanga bolti, bila kututazama, kisha akasema boksi halitakwenda naye.

"Huko nitapata ingine," akasema. "Nakuru hakuna ingine. Hii itabaki kwa mmoja wenu."

Haikuwezekana kuligawa, kwani dadu zile hazikuuzwa dukani popote tulipojua, na kitabu kilikuwa kimoja. Akaweka sharti. Tutacheza mara ya mwisho. Ndani ya nyumba ya mwisho kuna taji, na ambaye mtu wake atatoka nalo akiwa hai, huyo atakuwa Mwenye Nyumba baada yake. Kama taji halitatoka, tutarushia boksi dadu.

Mwanafunzi alisema yeye ana mitihani na hana haja kubwa. Fundi alikuwa nayo. Alisema akilipata atalipeleka kambini Olkaria, wakae wanaume wenzake jioni wacheze badala ya kulewa. Ilikuwa nia njema, siwezi kumlaumu. Lakini kambi ile ilikuwa ya wanaume, na boksi likishuka kule mimi sitaliona tena.

Nililitaka boksi lile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Juma zima niliwaunganisha watu wengine na mazungumzo yao, nikisema zungumza sasa na kujitoa. Jumamosi alasiri tu ndiyo nilikuwa ndani ya mazungumzo, watu wakisubiri kusikia nitasema nini. 

Siku ya mwisho mvua ilinyesha tangu saa nane. Duka lilikuwa tupu, rafu zimebaki na alama za vumbi mahali ambapo vitu vilikaa. Mwenye Nyumba alikaa kwenye kopo la rangi, kilemba chake kimefungwa kama cha harusi, akaanza kusimulia.

Nyumba ilikuwa ndani ya shimo la mlima uliolipuka zamani, kama Menengai yetu ilivyo. Aliyeishi humo ni jitu. Limekaa kwenye kigoda penye moto, sanduku la taji liko wazi kati ya miguu yake, na halisinzii. Kuna mlango wa mbele unaotazama shimo, na mlango wa jikoni. Nikapaka mafuta bawaba za jikoni, tukaingia. Tulikuwa tumekubaliana kusubiri mpaka jitu liinuke.

Fundi hakusubiri. Nadhani alijua kwamba tukisubiri ni mimi nitakayeshinda. Shujaa wake alipiga mbio na shoka, akalipiga jitu mara moja, vizuri kabisa, na jitu likampiga mara moja pia. Dadu ikaviringika juu ya kreti ikasimama mahali pabaya. Padri akakimbia kumwinua, akapigwa naye. Mwanafunzi akafunga mikono, akasema amina.

Jitu likarudi kwenye kigoda chake. Mwanamke wangu alikuwa amesimama ukutani na debe kichwani, na jitu lilikuwa limemtazama likaona maji.

"Uhai wako ni kidogo sana," Mwenye Nyumba akaniambia. "Akikugusa, umeisha. Mlango ya jikoni iko wazi nyuma yako. Ukitoka sasa unaishi, halafu tunarusha dadu."

Fundi alikuwa na bahati ya dadu pale ambapo hakuhitaji akili. Nikatazama boksi.

"Natumia uchawi wangu," nikasema. "Sauti. Inatoka nje, mlango wa mbele."

"Inasema nini?"

Sikumjibu yeye. Nilitazama mlango wa duka, nikatoa sauti ya mtu aliyetembea mbali akanyeshewa, mwenye mzigo, asiyetaka kusumbua.

"Hodi."

"Karibu," akasema Mwenye Nyumba.

Mvua ikasikika kwenye mabati. Alikuwa amelisema kwa sauti nzito ya jitu, lakini aliyejibu hakuwa jitu. Alikuwa mtoto aliyekulia nyuma ya duka lile, ambako hodi ilibishwa tangu asubuhi hadi kufunga, na mdomo wake ulikuwa umezoea kujibu kabla kichwa hakijaulizwa. Alijua mara moja alichofanya. Akanyoosha mkono kuchukua dadu.

"Ngoja. Lazima nirushe, nione kama ameamini."

"Unarusha nini?"

Ni fundi aliyeuliza. Shujaa wake alikuwa amelala chini karibu na moto, na dadu ile ndiyo ilikuwa tumaini lake la mwisho la kulipata boksi. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Umeshasema karibu," akasema.

"Mimi ndiyo nimesema, si jitu."

"Nimesikia sauti ya jitu na masikio yangu. Na mtu akisema karibu anaamka anafungua. Ama kwenu mnakaribisha mtu halafu mnamwacha kwa mvua?"

"Hiyo itakuwa dhambi," mwanafunzi akasema, naye hakutania.

Mwenye Nyumba aliwatazama wote wawili, kisha mimi. Akaanza kucheka, akaziweka dadu chini. "Basi," akasema. "Jitu linaamka kufungulia mgeni."

Nikasema pole pole kila kitu mtu wangu alichofanya, maana haraka ingeniharibia. Alitua debe. Akamwaga maji kando ya ukuta, taratibu, yasilie. Akatia taji ndani ya debe, akaliinua, akalituliza kichwani kwenye kata yake, akatoka kwa mlango wa jikoni kwa miguu mitupu. Nyuma yake jitu lilisimama mlangoni likiitazama mvua, likimtafuta mgeni wake.

Mwenye Nyumba alilifunga boksi kwa karatasi ya dukani iliyonuka grisi. Aliponikabidhi hakusema mengi. "Zungumza sasa," akasema, akajitoa katikati. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, kwa furaha na kwa yeye, na sikujificha kwa mtu.

Familia ile ilipoondoka nikatuma habari: mchezo ni kwangu, nyumba za wafanyakazi, Jumamosi alasiri kama kawaida. Mwanafunzi aliniahidi angekuja baada ya mitihani. Fundi hakunijibu. Nilisoma kitabu kile mpaka nikakijua, nikachora nyumba yangu ya kwanza yenye vyumba na mitego. Siku yenyewe nikapika chai nyingi, nikapanga dadu mezani, nikakaa. Saa yetu ikafika, ikapita. Nikaanza kujiambia maneno makali. Nani atatoka Olkaria ashuke basi aje kuongozwa na opereta, mwanamke, katika chumba chenye kitanda nyuma ya pazia? Nimeshinda boksi, nimepoteza meza. Kujiamini kwangu kote kulikaa nami pale tukitazamana, na chai ikapoa.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni. Alijaribu kuishusha, lakini ilikuwa ileile ya ng'ambo ya bonde.

Sikunyanyuka upesi. Nilichukua karatasi tupu, nikaiweka mahali pake mezani.

"Karibu," nikamwambia, "lakini ujue umeshakufa."

Nikamsikia akicheka huko nje, kisha kitu cha mbao kikagonga kizingiti changu. Alikuwa amekuja na kigoda chake mwenyewe.